Namna ya kufundisha sekondari kutafuta na kupima habari, ukianzia kwenye itikadi yenyewe

Kamwene, mwagonile, salamu kwa walimu wenzangu wote wa huku nyanda za juu kusini, kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Hii nimeiandika kwa ajili ya ticha aliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule, au anayefundisha Historia, Uraia, Kiswahili au Kompyuta, halafu akaambiwa awafundishe wanafunzi kutafuta habari, kuzipima na kuzitumia. Wengi wetu tukishaambiwa hivo tunakimbilia mbinu, tunachukua orodha ya maswali mtandaoni, tunaiandika kwenye manila, tunabandika ukutani, basi. Mi nashauri uanze nyuma ya hapo. Kila mbinu imetungwa na mtu, na huyo mtu alikuwa na picha kichwani ya kijana anayetaka kumpata: mfanyakazi mzuri, raia anayehoji, mteja, au mtiifu tu. Usipoijua hiyo picha, ambayo ndo naiita itikadi, utaibeba hivohivo mpaka darasani kwako, na itakuwa umechaguliwa wewe na sio wewe umechagua.

Anza kwa kujua haya mawazo yametoka wapi

Kwa jina lake la leo (information literacy, yaani ujuzi wa kutafuta, kupima na kutumia habari) jambo hili limeanzia Marekani mwaka 1974. Paul Zurkowski, aliyekuwa anaongoza chama cha makampuni ya biashara ya taarifa, aliiandikia tume ya taifa ya maktaba ya kule kwamba watu wafundishwe kutumia vyanzo vya taarifa kwenye kazi zao, na akapendekeza nchi nzima iwe imefika hapo ifikapo 1984. Angalia neno zito pale ni lipi. Ni kazi. Kijana anayejua kutafuta taarifa ni mfanyakazi anayezalisha zaidi, na kwa upande mwingine ni mteja wa hayohayo makampuni. Sio dhambi, watoto wetu wanahitaji kazi kweli, ila ujue ndo mlango ambao jambo hili liliingilia.

Mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ikalipanua, ikasema mtu ajue ni wakati gani anahitaji taarifa, aweze kuipata, aipime, aitumie vizuri, na wakaliunganisha na uraia na sio kazi peke yake. Vitini vingi unavyovikuta mtandaoni leo vimejengwa juu ya hivo vitenzi vinne. Halafu 2005, kule Alexandria nchini Misri, kwenye mkutano wa UNESCO na shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ikatamkwa kuwa hii ni haki ya msingi ya binadamu kwenye dunia ya kidijitali. Mwaka uliofuata James Elmborg akaandika kuwa maktaba haziwezi kukaa zinafundisha mbinu kavukavu, lazima mwanafunzi aulize pia nani anaitengeneza habari, nani kaachwa nje, na nani kaamua hiki ndo kiitwe maarifa. Huyu alichota kwa Paulo Freire wa Brazil, yule aliyepinga elimu ya kumfanya mwanafunzi kama akaunti ya benki ambayo mwalimu anaweka tu amana.

Sasa ya kwetu. Machi 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisema elimu imjengee kila raia vitu vitatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine halafu akakataa au akarekebisha kulingana na mahitaji yake mwenyewe, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Kisome tena hicho cha pili. Kujifunza, kukataa, kurekebisha. Hiyo ndo kupima habari, na imeandikwa miaka saba kabla ya Zurkowski. Kwenye andiko hilohilo alilalamikia shule zinazomfanya kijana aone maarifa ya maana yanatoka vitabuni na kwa wasomi peke yao, mpaka anamdharau mzazi wake anayeujua udongo na mvua. Na kwa kuwa tunafundisha kupima tuseme na upande wa pili: nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1965 na ikabaki hivo mpaka 1992, kwa hiyo hiyo akili ya kudadisi ilikuwa na mipaka, na mwalimu aliyeihubiri darasani alikuwa anajua inapoishia. Ukilifundisha hili fundisha na hilo.

Kuna itikadi mbili zingine hazijaandikwa popote ila ndo zinatawala madarasa yetu. Ya kwanza ni ya mtihani, kwamba habari ni kile kitakachotoka NECTA na chanzo cha kuaminika ni notsi za ticha. Ya pili ni ya woga. Mwanafunzi anaambiwa mtandao ni hatari, usisambaze kitu utafungwa, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo. Ni kweli sheria ipo na lazima aijue. Lakini ukiishia hapo umemfundisha kunyamaza, hujamfundisha kuhakiki, maana mtu mwenye woga hahakiki, anaogopa kuposti ila anaamini kimoyomoyo na anamnong'oneza jirani. Katiba ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kuwa na maoni, kutafuta na kutoa habari, na kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha yake na ya jamii. Na 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Ukifundisha sheria, fundisha zote kwa pamoja, siku hiyohiyo, kipindi hichohicho.

Msimamo wangu nauweka wazi: darasa la sekondari huku kwetu liongozwe na akili ya kudadisi ya 1967, na liende mpaka pale alipofika Elmborg, mwanafunzi awe na ruhusa ya kuuliza nani kasema na kwa faida ya nani, hata kama aliyesema ni mimi ninayefundisha. Kazi na mtihani viwe matunda yake, visiwe mzizi.

Jipime wewe kwanza

Chukua andalio lako la somo la wiki hii. Pigia mstari vitenzi vyote ulivompa mwanafunzi afanye. Kama vimejaa kuorodhesha, kutaja, kueleza, uko kwenye mtihani. Kama vimejaa kutokufanya, yaani asifungue, asiamini, asisambaze, uko kwenye woga. Halafu jiulize swali moja gumu, mwanafunzi akikuta kitabu kinasema tofauti na ulichoandika ubaoni, kwenye darasa lako anafanyaje? Jibu la hilo ndo itikadi yako, lile uliloandika kwenye azimio la kazi ni karatasi tu. Mtaala wa 2005 ulishasema tuhamie kwenye umahiri, na ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umekazia hapohapo, kwa hiyo hata mthibiti ubora akija una pa kusimamia.

Somo la kwanza lisiwe la kompyuta

Lianze na swali. Watoto wetu wamezoea kupewa swali lililoiva, hawajazoea kulipika, nusu ya kazi yote iko hapo. Mi napenda kuanza na mchele. Ukienda soko la Mwanjelwa pale Mbeya au ukishuka Dar utakuta mchele umeandikwa wa Kyela, wa Kyela, wa Kyela kila duka. Waulize: tutajuaje kama umelimwa Kyela kweli na sio Usangu kule Mbarali au kwingine? Usiwape jibu. Waache wabishane dakika kumi, halafu waandike kila mmoja nani angemuuliza na kwa nini huyo. Mmoja atasema muuzaji, mwingine atasema muuzaji ana faida yake akisema ni wa Kyela kwa sababu bei ni nzuri, mwingine atasema bibi yangu anajua kwa harufu, mwingine atasema tuangalie mzigo ulikopakiwa. Hapo tayari una darasa zima linazungumzia chanzo, maslahi ya chanzo, ujuzi wa mtu asiye msomi, na ushahidi, bila neno hata moja gumu. Huyo bibi wa harufu usimcheke wala usimruhusu mtu amcheke. Ila naye apimwe, ulizeni angeweza kutofautisha akifungwa macho akapewa aina tatu? Kama mnaweza, fanyeni hilo jaribio na mpishi wa shule.

Ukiwa shule ya kijijini badilisha, tumia bei ya mahindi. Mzee kasikia Makambako wananunua kwa bei fulani, NFRA (wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula) wanafungua kituo, dalali kasema bei inashuka uza leo. Nani ana sababu ya kumwambia mkulima auze leo? Hili hawalisahau maana ada zao zinatoka kwenye hayo magunia.

Ramani ya zamani ni zana nzuri kuliko mpya

Maktaba nyingi za shule zetu zimejaa vitabu vya msaada, vingine vya zamani sana, na tunavionea aibu. Usivitupe. Tafuta atlasi ya zamani na mpya, uliza Tunduma iko mkoa gani. Moja itasema Mbeya, nyingine Songwe. Makambako iko wapi? Moja Iringa, nyingine Njombe. Nani kadanganya? Hakuna, Njombe ilifanywa mkoa 2012 na Songwe 2016. Hapo mtoto anaelewa kwamba kitu kinaweza kuwa sahihi siku kilipoandikwa na kisiwe sahihi leo, na kwamba kabla hujabishana na kitabu unafungua ukurasa wa nyuma ya jalada unatafuta mwaka. Waonyeshe mwaka unapokaa, mchapishaji anapokaa, toleo ni la ngapi. Waonyeshe yaliyomo na faharasa, maana kuna wanafunzi wanafika kidato cha nne hawajawahi kutumia faharasa kutafuta kitu, wanafunua ukurasa mmojammoja.

Kusoma kwa kutoka nje ya ukurasa, bila simu

Hapa nikae kidogo maana ndo mbinu ambayo naiamini kuliko zote. Ile orodha maarufu ya maswali matano (ni ya lini, inahusika, nani kaandika, ni sahihi, lengo ni nini) ilitungwa 2004 kwenye chuo cha California State University, Chico, na imezunguka dunia nzima. Shida yake inamfanya mwanafunzi akodoe macho kwenye ukurasa uleule mmoja, na mtu mwongo anaweza kupamba ukurasa wake ukajibu yote matano vizuri, ana tarehe, ana jina lenye udokta, ana nembo. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford walilinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo kikuu, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wahakiki walishinda wote, kwa haraka zaidi, na siri yao ilikuwa hawakai kwenye ukurasa, wanatoka mapema wanafungua kurasa zingine kuona wengine wanasemaje kuhusu huyo aliyeandika, ndo wanarudi kusoma kama inastahili. Wasomi wakubwa walidanganywa na nembo.

Sasa wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na maabara ya kompyuta kama ipo mashine ni chache na umeme nao ukatike. Tengeneza mtandao wa karatasi. Mwalimu unatumia bando lako nyumbani, unachukua kurasa sita au saba za jambo moja, unaprinti au unaziandika kwa mkono kwenye manila, unazibandika kuta nne za darasa, na juu ya kila moja unaandika inatoka wapi. Kila kundi linaanza na ukurasa mmoja tu mezani na linapewa dakika tatu, zikiisha mnapiga makofi, lazima wanyanyuke watembee ukutani kutafuta wengine wamesemaje. Mwendo ule wa kunyanyuka ndo somo lenyewe. Siku watakayoshika simu mguu utakumbuka.

Mada nzuri ya kuanzia ni kimondo cha Mbozi. Ni cha kwetu, wengi wamekiona au ndugu yao kakiona, na kurasa zinapingana vibaya. Utakuta zinazosema tani 12, zingine 16, zingine 25. Zingine zinasema kiko Mbeya, zingine Songwe. Ya mkoa watalitatua wenyewe kama walifanya somo la ramani. Ya uzito waulize, jiwe la chuma refu zaidi ya mita tatu limewekwa kwenye mzani gani? Watagundua ni makadirio, mtu anapima ukubwa anazidisha na uzito wa chuma, na makadirio yanategemea nani kapima na umbo kalichukuliaje. Hapo wanajifunza jambo ambalo hata watu wazima linatushinda, kwamba namba inaweza kuandikwa kwa kujiamini na bado ikawa kadirio. Kisha linganisha na namba ambayo ilihesabiwa kweli: sensa ya 2022, watu 61,741,120. Hiyo nayo ina namna ilivyopatikana, makarani walipita nyumba kwa nyumba, waulize nani anaweza kuwa alirukwa.

Fuvu la Mkwawa, hili fundisha kwa heshima

Kama uko Iringa huwezi kuliruka na kama uko Mbeya utaliazima. Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili linaingia vizuri, na linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mtoto hakwami kwenye lugha.

Weka mambo ambayo hakuna anayeyabishia sana. Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani na kamanda wao Emil von Zelewski akafa. Julai 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919 mkataba wa Versailles, ule wa kumaliza vita kuu ya kwanza ya dunia, ukaweka kifungu cha 246 kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Halikurudi. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining akalileta Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, na mpaka leo liko makumbusho ya Kalenga.

Sasa swali la darasa, Twining alijuaje kuwa ni lenyewe? Alilikuta kwenye makumbusho ya Bremen kati ya mafuvu mengi, na uamuzi uliegemea vipimo vya umbo la fuvu kulinganisha na vya ndugu walio hai. Gawanya darasa. Kundi moja lichukue nafasi ya gavana, lieleze alikuwa na sababu gani ya kutaka lipatikane haraka, na wape taarifa moja ya ziada, mwaka huo Kenya iko kwenye hali ya hatari ya Mau Mau. Kundi lingine lichukue nafasi ya familia, limekaa zaidi ya nusu karne likimdai babu. Kundi la tatu liwe makumbusho ya Bremen, lina maslahi gani ya kukubali au kukataa? La nne liwe wanahistoria wa leo wanaotilia shaka. Kila kundi liandike, tunachokijua kwa hakika, tunachokiamini, na ushahidi gani ungetubadilisha mawazo.

Tahadhari yangu hapa ni kubwa. Usiende kwenye darasa la Iringa kama mtu aliyekuja kubomoa. Kuna watoto pale babu zao wanatambika. Lengo sio kusema fuvu sio lake, hatuna cha kusemea hivo, lengo ni waone kuwa hata serikali, hata makumbusho ya Ulaya, hata mkataba uliosainiwa na mataifa makubwa, ni chanzo chenye mtu nyuma yake. Na simulizi ya wazee wa Kalenga ipewe kiti sawa na faili la Mjerumani, maana faili la Mjerumani limeandikwa na mtu aliyekuwa anamwinda Mkwawa na kusubiri kupandishwa cheo. Kuna ticha atasema simulizi sio ushahidi. Muulize faili ni nini kama sio simulizi ya mtu mmoja aliyekuwa na kalamu? Vyote vinapimwa. Kama kuna uwezekano mwiteni mzee aje shuleni, wanafunzi wamuulize kwa adabu yote: shikamoo mzee, hili ulilisikia kwa nani, naye alilisikia kwa nani, na ulikuwa na umri gani? Mzee hachukii kuulizwa hivo akiulizwa vizuri, wengi wanafurahi kwamba vijana wanataka kujua mpaka mwisho.

Uvumi unaua, liseme waziwazi

Oktoba 2016 watumishi watatu wa kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, waliuawa na wananchi walipokwenda kuchukua sampuli za udongo, wakadhaniwa ni wanyonya damu. Kijiji kinaitwa Iringa-Mvumi. Ukilisema hili darasani wengi watadhani ni mkoani Iringa, mwache mmoja aseme, halafu waambie wahakiki: kiko wilaya ya Chamwino, Dodoma. Hapo wameona wenyewe jina linavyoweza kuwapotosha sekunde mbili tu baada ya kusikia.

Hofu ya mumiani ni ya zamani sana Afrika Mashariki, tangu ukoloni. Usiwaambie wanafunzi kuwa waliofanya vile ni wajinga, maana watamfikiria mjomba wao na watakufunga masikio. Waulize hofu hiyo ilianzia wapi, watu walikuwa na sababu gani ya kuogopa mgeni mwenye gari na vifaa ambaye hakujieleza wakaelewa. Halafu waulize ni wapi kwenye ule mnyororo mtu mmoja angeweza kuukata, kwa mfano kwa kupiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji na kuuliza kuna wageni wameripoti?

Kisha leteni ya kila siku. Tuseme kwenye grupu la familia imeingia sauti, mama analia anasema kuna gari nyeupe Mafinga inabeba watoto. Fundisha mambo machache tu: angalia vile vimishale viwili vya kuonyesha imefowadiwa mara nyingi (tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa mkupuo, na sababu ni hiihii), uliza aliyetuma kaipata kwa nani, angalia kama ina siku, mahali na jina la mtu wa kuulizwa, tafuta kama redio za Mafinga na Iringa mjini au wahakiki kama Nukta Fakti na PesaCheck wameisema. Isipopatikana popote, tulia. Na ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" waifundishe wazazi nyumbani iwe kazi ya wikiendi, waandike mazungumzo yalivokwenda, na wajue namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli ni 15040. Kijana anayemlinda mama yake asiibiwe amelielewa somo kuliko aliyelikariri.

Ukikutana na vikwazo

Lugha ndo kikwazo kikubwa na hatukisemi. Mtoto ametoka darasa la saba kwa Kiswahili, fom wan unampa chanzo cha Kiingereza aupime ukweli wake wakati hajakielewa, atafanya nini? Atanakili. Kunakili kwingi tunakokuita uvivu ni lugha. Masomo haya yafanye kwa Kiswahili kwanza, na kama mnataja vyanzo vya Kiingereza vitafsiriwe kwa kundi, mwenye nafuu amsaidie mwenzake. Akishajua kupima kwa lugha anayoota nayo, kuhamia Kiingereza ni kazi ya msamiati tu.

Hedimasta anaweza kuogopa, kwamba unawafundisha watoto kubisha. Mwendee kabla hujaanza, sio baada. Mpelekee mada zako, mweleze sheria ya kubisha ya darasa lako: hakuna kumbishia mtu bila kuonyesha ulipoona, na heshima ya shikamoo haiondoki. Mwalimu wa taaluma naye mwonyeshe kuwa mtoto anayejua kulinganisha vyanzo anajibu vizuri yale maswali ya kujadili. Na wewe mwenyewe weka zoezi moja kila mwezi ambalo wanafunzi wanakagua notsi zako, wanachagua sentensi tatu na kuzitafuta kwenye kiada, maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) au maktaba ya mkoa. Wakikuta kosa, sahihisha ubaoni mbele yao na andika jina la aliyeliona.

Kwenye kusahihisha

Usitoe maksi zote kwa jibu sahihi. Kwa kazi ya alama 20, mi natoa 5 kwa swali lenyewe lilivyoulizwa, 8 kwa njia, yaani alikwenda kwa nani na kwa nini huyo na alilinganisha na nini, 4 kwa kusema chanzo kina maslahi gani, na 3 zilizobaki kwa hitimisho. Mwanafunzi aliyeandika "bado sijaweza kujua kwa sababu vyanzo viwili vinapingana na cha tatu sikukipata" apate 3 zake zote za hitimisho kama njia yake inaonyesha hivo kweli. Aliyenakili bila kusema katoa wapi mrudishie bila alama, mwandikie arudi kutaja chanzo, akirudi umsahihishie upya. Daftari za kazi hizi zitunze maktaba, kwenye rafu ambayo fom wan wa mwaka kesho wanaifikia, waanze kwa kuhakiki walichoandika kaka na dada zao.